Risasi ipi ni ya bastola yako

Ukisoma taarifa za polisi wa Kenya utakutana mara nyingi na "bastola aina ya Ceska". Upande wa Tanzania huwa ni "aina ya Browning", au "bastola ya Kichina". Kwa msomaji wa habari majina hayo yanatosha. Kwa mwenye kibali anayekwenda kununua risasi, au mlinzi anayekabidhiwa silaha zamu inapobadilika, hayatoshi kabisa, na akiyategemea anaweza kupoteza vidole au jicho.

Chukua hiyo Ceska. Inatoka kiwanda cha Kicheki kilichoko Uherský Brod, na kiwanda hicho kimetengeneza bastola za kila namna. CZ 75, yenye jina linalotokana na mwaka 1975, hutumia risasi ya 9x19, yaani upana wa kama milimita tisa na ganda la milimita 19. Baadaye likatoka toleo lake la .40 S&W. CZ 97 hutumia .45 ACP (namba yenye nukta mbele ni sehemu ya inchi). Halafu kuna CZ 83, bastola ndogo inayofichika vizuri chini ya shati, na hapo ndipo watu wanapoumia vichwa. Umbo ni moja na jina ni moja, lakini imeuzwa kwa risasi za aina tatu: 7.65 Browning, 9 mm Browning fupi, na 9 mm Makarov. Zipange tatu mezani, usipozisogelea na kusoma maandishi huwezi kujua ipi ni ipi.

Browning ni hivyo hivyo. Hi-Power ya 1935 ni ya 9x19, ila bastola ndogo za Browning za 1910 na 1922 zilitengenezwa kwa 7.65 au kwa 9 mm fupi. Na za Kichina? Type 54, ambayo ni nakala ya Tokarev ya Kirusi, hutumia 7.62x25. Norinco, kampuni ya silaha ya China, wakatoa Model 213 yenye umbo lile lile, lakini ya 9x19. Type 59, nakala ya Makarov ya Kirusi, ni ya 9x18, yaani 9 mm Makarov. Kwa hiyo mtu akikwambia ana bastola ya Kichina, kuhusu risasi bado hajakwambia kitu.

Jibu limepigwa chapa kwenye chuma cha bastola yenyewe. Kwanza hakikisha haina risasi. Toa magazini kabla ya yote, kisha vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachoteleza) nyuma mpaka ishike, tazama ndani ya chemba, tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na ingiza ncha ya kidole uguse kama pametupu. Mpangilio huo usiugeuze: ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini, slaidi ikirudi inapakia risasi nyingine. Ukisharidhika, soma sehemu ya mtutu inayoonekana kwenye dirisha la kutokea maganda, au ubavuni mwa slaidi. Kwenye rivolva, bastola yenye silinda ya matundu inayozunguka, soma ubavu wa mtutu. Unachotafuta ni jina zima la risasi. Jina hilo ndilo linalopaswa kuwa kwenye boksi unalonunua, na tena kwenye kitako cha kila risasi iliyomo ndani.

Kitako cha risasi nacho kinasomeka. Risasi ya kiraia huwa na jina au alama ya kiwanda upande mmoja wa duara, na jina la risasi upande wa pili, kwa mfano "9 mm LUGER" au "380 AUTO". Herufi ni ndogo, ukiwa na umri wa miwani vaa miwani, na tumia mwanga wa jua au tochi. Za kijeshi ni ngumu zaidi. Nyingi za Kisovieti zina namba ya kiwanda juu na tarakimu mbili za mwaka chini, basi. Jina la risasi halipo kabisa. Za nchi za NATO zinaweza kuwa na duara lenye msalaba ndani yake. Mtu asiyezijua anaweza kusoma "38" kitakoni akadhani ni risasi ya rivolva ya .38, kumbe ni namba ya kiwanda cha Kirusi. Risasi ya kijeshi iliyo nje ya boksi lake, kwa mwenye silaha wa kiraia, mimi naihesabu kuwa haijulikani, hata kama aliyeiuza anaapa.

Kinachochanganya watu ni kwamba risasi moja inaweza kuwa na majina manne, na risasi mbili zisizohusiana zinaweza kukaribiana jina. 9x19, 9 mm Luger, 9 mm Parabellum na 9 mm Para ni kitu kimoja: risasi iliyobuniwa na Georg Luger mwaka 1902. 9 mm Browning fupi, 9x17, .380 ACP, 9 mm Kurz na 9 mm Corto nazo ni kitu kimoja, kingine kabisa. 7.65 Browning ni sawa na .32 ACP. Lakini 7.65 Browning si 7.65 Parabellum, .45 ACP si .45 Colt, na .38 S&W si .38 Special. Majina haya yaliwekwa na wafanyabiashara na majeshi kwa nyakati tofauti, kila mmoja akitaka lake, na tarakimu iliyomo ndani ya jina wala si lazima iwe kipimo cha kweli. Kichwa cha risasi ya .38 Special, kwa mfano, kina kipenyo cha inchi .357.

Ili kuelewa hatari inatoka wapi, fuata kinachotokea bastola inapolia. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba ya njano, fataki iliyopachikwa kitakoni, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Pini inagonga fataki, fataki inawasha baruti, na baruti inageuka gesi ya moto mkali kwa kufumba na kufumbua. Presha ya juu inayoruhusiwa kwa 9x19 katika viwango vya Marekani ni paundi 35,000 kwa inchi moja ya mraba. Tairi la gari dogo huwa na kama 30. Kwa nukta hiyo ya muda, ganda hutanuka na kujibana kwenye kuta za chemba, na kule kujibana ndiko kunakoziba njia ya gesi kurudi nyuma. Gesi haina pa kwenda isipokuwa mbele, inasukuma kichwa, presha inashuka, ganda linasinyaa kidogo na linatolewa.

Kwa hiyo kinachokukinga wewe mpigaji ni bati jembamba la shaba, na bati hilo lina nguvu kwa sababu tu limekumbatiwa na chuma pande zote. Ganda likiwa fupi kuliko chemba, au jembamba kuliko chemba, kuna mahali limeachwa bila kushikwa. Hapo ndipo linapopasuka, na gesi inatafuta njia kupitia magazini, mpini na dirisha la maganda, yaani karibu na mikono na macho.

Sasa turudi kwenye milimita tisa, maana ndiyo iliyoenea zaidi kwetu. Kiwanda cha Kenya kilichoko Eldoret hutengeneza 9x19, na ndiyo inayotumiwa na vyombo vingi vya usalama duniani. Ganda lake lina urefu wa milimita 19 na ushee. La Makarov lina 18 na kidogo, la 9 mm fupi lina 17 na kidogo. Tofauti hizo unaweza kuziona kwa macho ukizisimamisha bega kwa bega, lakini ukiipata moja peke yake mkononi huzioni.

Mtu akiitia 9 mm fupi kwenye bastola ya 9x19, inaingia bila shida. Risasi ya 9x19 husimama mahali pake kwa mdomo wa ganda kugota kwenye ukingo mdogo uliochongwa mwisho wa chemba. Ile fupi haifiki kwenye ukingo huo. Inabaki imening'inia kwa kucha ya chuma inayovuta maganda, au inazama mbele. Pengine pini haiifikii na hakuna kinacholia. Pengine inalia, ganda linarushwa nyuma kwa kishindo, mdomo wake unapasuka, na slaidi inakwama. Mpigaji hudhani bastola ni mbovu.

Makarov kwenye 9x19 ni kisa kingine. Makarov inaitwa milimita tisa, ila kichwa chake kina kipenyo cha karibu milimita 9.27, wakati cha 9x19 ni kama 9.03. Robo ya milimita inaonekana si kitu, mpaka ukumbuke kwamba ni chuma kinacholazimishwa kupita ndani ya chuma, huku gesi ikikisukuma. Mara nyingi slaidi hukataa kufunga kabisa. Hapo bastola imekwisha kukwambia ukweli. Anayeipiga slaidi kwa kiganja ili ifunge anajitafutia balaa. Ukigeuza mambo, ukatia 9 mm fupi kwenye bastola ya Makarov, inaingia kwa ulaini, lakini kichwa ni chembamba kuliko mtutu: gesi inakipita pembeni, kinatoka kikiyumba, na ganda lisiloshikwa vizuri linavimba. Ndiyo maana zile CZ 83 tatu za mezani zinahitaji macho zaidi kuliko bastola nyingine yoyote.

Zipo pia risasi zinazolingana vipimo lakini zikapishana nguvu, na hizi naziogopa kuliko zote kwa sababu hakuna kinachogoma kuingia. Jeshi la Italia, ambalo historia yake inaigusa Ethiopia, Eritrea na Somalia, lilikuwa na bastola ya Glisenti ya mwaka 1910. Risasi yake ya 9 mm Glisenti inakaribia kufanana kabisa na 9x19 kwa umbo, ila ilijazwa baruti ya nguvu ndogo, maana bastola yenyewe haikuundwa kubeba zaidi. Ukiitia 9x19 ya leo itafunga, italia, na inaweza kuvunjika. Kisa cha karibu na hicho ni cha bastola ya Kijerumani, Mauser C96 ya 7.63, inayopokea risasi ya Tokarev ya 7.62x25 kana kwamba ni yake. Tokarev mara nyingi hujazwa kwa nguvu zaidi. Anayerithi silaha ya babu asiipige hata mara moja kabla fundi wa silaha hajaipima.

Kwa rivolva, kanuni iliyo maarufu ni ya .38 Special na .357 Magnum. Magnum ya 1935 ilizaliwa kutoka Special: kichwa ni kipenyo kile kile, ganda likarefushwa kwa karibu milimita 3.4, na presha ikapandishwa kutoka paundi 17,000 hadi 35,000. Urefu ule uliongezwa ili Magnum isiweze kuingia kwenye rivolva ya .38. Ndiyo sababu rivolva ya .357 inaruhusiwa kupiga .38 Special, na ya .38 hairuhusiwi kamwe kupiga .357. Ukipiga Special nyingi kwenye rivolva ya .357, masizi hujenga pete ndani ya matundu ya silinda na Magnum hukataa kuzama hadi mwisho. Safisha, usisukume.

Rivolva za Kiingereza, Webley na Enfield za .38 zilizotumiwa na jeshi na polisi wa makoloni, si za .38 Special. Risasi yake ni .38 S&W, fupi na nene kidogo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, baadhi ya rivolva za Smith & Wesson zilizotengenezwa kwa ajili ya Waingereza zilichongwa upya silinda ili zipokee .38 Special, na katika matundu hayo ganda la Special hukaa likilegea, huvimba na wakati mwingine hupasuka. Silaha ya namna hiyo inaweza kuwa na chapa ya zamani ubavuni na chemba mpya ndani. Chapa na chemba zikishakinzana, kuangalia kwa macho hakutoshi: fundi humimina madini laini yaliyoyeyushwa ndani ya chemba, yakipoa anayatoa na kuyapima.

Neno moja kuhusu alama ya +P. Ukiiona kwenye boksi au kitakoni, maana yake risasi imejazwa kupita kiwango cha kawaida: kwa 9x19, kutoka paundi 35,000 hadi 38,500. Piga tu kama kijitabu cha bastola yako kinasema wazi kwamba inaruhusiwa. Ya +P+ haina hata kiwango kilichokubaliwa cha SAAMI, chama cha watengenezaji wa Marekani kilichoundwa 1926, kwa hiyo kila kiwanda hujipangia. Upande wa Ulaya kuna C.I.P., chombo cha kimataifa cha kupima usalama wa silaha kilichoanzishwa 1914, na utaratibu wake una faida kwa mnunuzi wa bastola ya mtumba: kila bastola hujaribiwa kwa risasi yenye presha inayozidi kiwango kwa asilimia 30, kisha hupigwa alama ya kupita jaribio. Silaha isiyo na alama hiyo wala jina la risasi, iliyochongwa mtaani au iliyogeuzwa kutoka bastola ya gesi (ya kutoa mlio au gesi tu), haina risasi iliyo salama kwake. Bastola nyingi za gesi mwili wake ni aloi ya zinki, chuma laini mno kwa kazi hiyo.

Risasi sahihi nayo inaweza kuharibika ikawa si sahihi. Hili linawahusu zaidi walinzi. Zamu inaanza, risasi ya juu inapakiwa chemba. Zamu inaisha, inatolewa na kurudishwa juu ya magazini. Kesho ni ile ile tena. Kila inapopakiwa, kichwa chake hugonga njia ya kuingilia chemba, na kidogo kidogo kinasukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua na presha inapanda, hasa kwa 9x19 na .40 S&W. Chukua risasi hiyo, isimamishe juu ya meza tambarare karibu na mpya ya boksi lile lile, na tazama vichwa vyao kwa usawa wa macho. Ikiwa fupi, iondoe. Kampuni za ulinzi zinapaswa kuzungusha risasi hizo kwa ratiba, na kuandika kwenye daftari la makabidhiano jina zima la risasi pamoja na namba ya silaha. "Risasi sita za 9 mm" ni maandishi yasiyo na maana pale ambapo ghala lina Makarov na CZ 75 kwa pamoja.

Pwani kuna adui wa pili, unyevu wenye chumvi. Risasi iliyokaa miaka kwenye kabati la Tanga au Mombasa inaweza kuota ukungu wa kijani kwenye shaba. Vumbi dogo juu juu si hoja, lakini ganda lililolika, lenye ufa, au fataki iliyobadilika rangi havipigwi. Usizipake mafuta ukidhani unazilinda, kwa sababu mafuta hupenya hadi kwenye fataki na kuiua. Ziache kwenye boksi lake, pakavu, usichanganye mabaki ya maboksi mawili; boksi ndilo lenye namba ya toleo, na kiwanda kikigundua kasoro huagiza risasi zirudishwe kwa namba hiyo. Za zamani za Kisovieti zina jambo la ziada: fataki zake nyingi huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi huvuta maji. Mtutu huoshwa kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, hukaushwa, ndipo hupakwa mafuta.

Kuhusu kununua, sheria zetu tayari zinasaidia. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na zote zinaifunga risasi kwenye kibali cha silaha. Nenda na kibali, na nenda umeandika jina la risasi kama lilivyo kwenye mtutu. Usimwachie muuzaji akisie kwa kuangalia umbo. Fungua boksi pale pale kaunta usome vitako. Muuzaji anayekupa risasi za kuhesabu kutoka kwenye mfuko wa nailoni, mwachie mfuko wake.

Na uwanjani, sikio lako ni kipimo cha mwisho. Ukisikia mlio dhaifu, puu badala ya kishindo, acha hapo hapo, hata kama wenzako wanaendelea. Huenda kichwa kimekwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata itakigonga kwa nyuma na kuupasua. Kama hakuna mlio kabisa, shikilia bastola imeelekea shabaha kwa sekunde 30 nzima, kwani fataki yaweza kuchelewa kuwasha. Halafu toa magazini, toa risasi, fungua bastola, na pitisha mwanga ndani ya mtutu kutokea nyuma. Ukiuona wazi toka mwanzo hadi mwisho, endelea na risasi za boksi jingine. Lile la kwanza liweke kando na urudi nalo dukani.

Risasi ulizozikataa, na zile usizozijua jina, usizitupe jalalani wala chooni, na usizichome. Risasi iliyo nje ya bastola ikipata moto, ganda hupasuka na kutawanya vipande vya shaba, na watoto wanaochezea majalala ndio wanaoumia. Ziweke peke yake kwenye chombo kikavu, mbali na zile nzima, ziandike kwamba hazipigwi, kisha toa taarifa kituo cha polisi kilichokaribu nawe na usubiri wakuelekeze namna ya kuzikabidhi.